Jicho la Kushoto la Anselmo Ovelar

Nakwambieni mapema, asije mtu akasema Shihab kaficha tena: mie nlijua. Nlijua mwezi mzima kabla ya siku ile, na nlinyamaza kwa hiari yangu, hali nna akili zangu timamu na ulimi ambao klabu nzima inaulalamikia. Anayetaka kunihukumu anihukumu, lakini kwanza akae anisikilize.

Miaka thalathini nlikuwa karani wa wizara. Nlipostaafu, mke wangu Kheiria alichoka kuniona nimejikalia sebuleni nagombana na televisheni, akanambia nitafute pa kwenda. Nikapata kazi ya kutunza vifaa katika klabu moja ya mpira ya Bawshar, hapa Maskati. Jina lake silitaji, maana bado nakula chumvi yao. Nafua jezi, natia mipira upepo, natafuta soksi zilizopotea. Wachezaji wananiita Ami Shihab. Wakiniletea matope stoo nawatukana, wao wanacheka, na siku zinakwenda.

Anselmo Ovelar alikuja miaka minne iliyopita, naye wakati ule ana miaka thalathini na tano. Kipa, mtu wa Paragwai. Hatujapata kuwa na mtu wa Paragwai kwetu, hata ramani ilibidi tuitazame kwenye simu. Mrefu, mabega mapana, pua imevunjika mara mbili, na vidole vya mkono wa kulia kila kimoja kimeshika njia yake. Watu walinung'unika kwamba klabu imeletewa kikongwe. Mechi ya kwanza alidaka penalti mbili, wakafyata.

Glavu za kipa haziingii kwenye mashine. Zinafuliwa kwa mkono, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, zikaanikwa kivulini, kwa sababu ukiziweka kwenye jua la Maskati zinakakamaa. Anselmo hakumwachia mtu kazi ile. Kila baada ya mazoezi alikuja stoo, akakaa juu ya kreti ya maji, tukafua pamoja, na hapo ndipo aliponihadithia maisha yake. Alisema Kiarabu alichookoteza Bahrein na Kuwait, kikimwishia anatia Kiingereza, na maneno ya Kiswahili aliyojifunza kwangu, mengi yake hayafai mbele ya watu.

Baba yake alikuwa muuza nyama katika mji mdogo kando ya mto. Nyumbani kulikuwa na jozi moja tu ya viatu vya mpira, na ilikuwa ya kaka yake, basi yeye akawekwa golini, kwani kipa angeweza kusimama pekupeku. Alipofika miaka kumi na sita alichukuliwa na timu ya mji mkuu. Alipofika ishirini na tatu akaitwa timu ya taifa. Akaichezea mechi kumi na nne. Ile ya kumi na nne walikuwa ugenini, juu milimani, wanataka sare tu waende Kombe la Dunia. Zimebaki dakika chache, mpira mwepesi ukaja kutoka kushoto kwake, ukampita chini ya kwapa. Nchi yake ikabaki nyumbani. Watu walilirushia mawe duka la baba yake mpaka mzee akalifunga mwezi mzima, na akafa bila ya kumtajia mwanawe ule mpira hata siku moja. Hakuitwa tena. Akatangatanga: Bolivia, Ekwado, Bahrein, Kuwait, mpaka akatufikia sisi. Wala hakuwa akilalamika, alikuwa akihadithia huku anakamua glavu.

Ijumaa anakuja kwetu kula. Kheiria alimpikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, naye akala kwa mkono kama aliyezaliwa Unguja kwa wazee wetu. Kheiria akasema kijana huyu ana adabu kuliko kaka zake yeye mwenyewe, na mie hapo sikubisha.

Msimu uliopita ndipo mambo yalipoanza. Kwanza chai: anamimina, nusu inaingia kikombeni, nusu inakwenda kwenye sinia. Halafu mlango wa stoo, kila akiingia bega la kushoto linaugonga. Halafu gari. Ubavu wa kushoto wa gari yake ulikwaruzwa mara tatu katika mwezi mmoja, na mara ya tatu fundi wa gereji, kule mtaa wa Ghala, alimuuliza anagombana na ukuta gani. Mie nilimtania kama kawaida yangu. Nikamwambia uzee umebisha hodi, mfungulie. Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Siku moja nikamrushia soksi zilizokunjwa, kutoka kushoto kwake, kama nilivyomrushia mara mia. Zikampiga shavuni. Mtu anayedaka mpira uliopigwa kutoka hatua sita, soksi zimempiga shavuni na hata ukope haukutikisika. Akaziokota, akaziweka mapajani.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Kuwait," akajibu.

Mshambuliaji mmoja alimpiga goti usoni kule. Jicho la kushoto halikuzima siku ile, lilikuwa likififia pole pole, na sasa lilikuwa likiona mwangaza tu. Miaka yote ile kwetu alikuwa akidaka kwa hila. Kabla ya mechi anachora mstari kwa kisigino, kutoka katikati ya goli kwenda mbele, ili ajue amesimama wapi. Ananiomba nitundike taulo jeupe nyuma ya nguzo ya kushoto, na kichwa amekizoesha kugeuka nusu, watu wakidhani ni maringo.

Nikampeleka kwa Wijdan, binti wa dada yangu, daktari wa macho pale Khuwair ya Kusini, baada ya alasiri wakati hakuna wagonjwa. Akamtazama saa nzima. Tulipoitwa ndani, akamuuliza Anselmo kama anaridhia mie nisikie, akaridhia. La kushoto limekwisha, akasema. Lakini la kushoto silo linalomtisha. Ule utando wa nyuma ya jicho la kulia umekonda na umechanika mahali pawili, mfano wa karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wenye maji. Atibiwe sasa hivi, na mpira asiuguse tena maisha yake. Halafu Anselmo alipokwenda kunawa uso, Wijdan akanigeukia.

"Mjomba, akipigwa kichwani mara moja tu, atabaki kizani. Mie kazi yangu hainiruhusu kumwambia mtu. Wewe hufungwi na kazi yangu."

Tukakaa garini, sikuwasha hata mashine. Hapo Anselmo akanieleza. Siku tatu nyuma alipigiwa simu na mtu wa timu yao ya taifa. Makipa wawili wameumia, kocha anatafuta mtu mzima wa kuwasimamia vijana mechi mbili. Watamtazama kwenye video, na orodha itatoka baada ya wiki tano. Akienda kutibiwa, imetoka bila yeye.

Akanambia anataka mechi moja ya taifa lake. Asimame golini mara moja, amalize bila ya kufungwa goli la kijinga, halafu atakwenda mwenyewe kwa Wijdan amfanye atakalo. Alisema haya huku anaitazama mikono yake. "Wiki tano, Ami Shihab. Nistiri."

Sasa asiye wa kwetu hapa hatanielewa. Marehemu baba yangu aliingia uziwi uzeeni na akauonea haya mno. Basi mtaa mzima, miaka minane, ukazungumza kwa sauti ya juu. Si naye tu, hata wao kwa wao, msikitini, dukani, arusini, ili asijue kwamba yeye ndiye sababu. Alikufa anaamini kwamba watu wa siku hizi wana makelele. Mie nimelelewa hivyo. Ukimwona mwenzio ameanguka, unatazama pembeni mpaka ajifute vumbi. Anayemstiri mja, Mungu atamstiri yeye. Anselmo si wa dini yetu, lakini nilijiambia stara haiulizi dini.

Nikamwambia sawa.

Kheiria nilimhadithia wakati wa chai, nikidhani atanisifu. Akakiweka kikombe chini. "Baba Yazid," akanambia, kwa jina la mwanetu mkubwa kama anavyoniita akiwa hana mzaha, "unamstiri au unamfukia?" Nikamwambia mambo ya mpira hayajui. Akasema ya mpira hayajui, ya macho anayajua, na mficha maradhi kilio humuumbua. Nikapandwa na hasira, nikatoka nikakaa ndani ya gari na kiyoyozi changu mpaka maghribi. Wallahi sikukasirika kwa kuwa amenikosea. Nilikasirika kwa kuwa kasema kweli.

Nikaanza kazi ya kustiri. Nilimwendesha garini kwenda na kurudi, kwa kisingizio kwamba gari yake iko kwa fundi Ghala. Mipira ya mazoezi niliitia upepo pungufu, kidogo tu, isije ikamuumiza. Nikaenda kwa kocha Badr nikamwambia Anselmo anasikia maumivu ya kifundo cha mguu, apunguziwe.

Na mambo yakawa mepesi kuliko nilivyotarajia. Badr akakubali papo hapo, na bila ya kuombwa akaamrisha krosi zote za mazoezi zipigwe kutoka kulia, eti upande huo unahitaji kazi. Daktari wa timu, Taimur, alipowapima wachezaji wote, Anselmo alipofika akasema taa ya ubao wa herufi imeharibika, akaandika macho mazima, akatia sahihi. Maan, beki wetu wa kushoto, kijana anayependa kupanda mbele mpaka kocha humzomea, ghafla akaacha kupanda, akawa anaganda karibu na nguzo. Mie nilifurahi kama mtu aliyepata maegesho kivulini mwezi wa sita. Nikasema Mungu yuko pamoja nasi.

Lakini nafsi haikutulia. Nikitia mpira upepo, nikiusikia ukikaza mikononi, naupunguza tena. Nikiwa kwenye foleni ya kununua mkate nasikia kishindo, nageuka, mtu kafunga mlango wa gari tu. Mara mbili niliishika simu nimpigie Badr, mara mbili nikairudisha mfukoni. Nikimtazama Anselmo naye alikuwa amebadilika. Mazoezi yakiisha alikuwa haondoki. Anakaa juu ya ile kreti, glavu zimeshafuliwa, ananitazama kwa lile jicho moja kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake. Mie nikidhani anaogopa orodha.

Wiki ya nne ikaja mechi. Alasiri ya upepo na vumbi, milima ya Bawshar haionekani vizuri. Refa akaja kukagua mipira, akaibonyeza kwa kidole gumba, akanambia huu laini, huu laini, ongeza. Nikachukua pampu. Mkono wangu huu ndio uliouongeza upepo, na refa akasimama juu yangu mpaka akaridhika.

Kipindi cha kwanza Anselmo alidaka kama mtu wa miaka ishirini na tano. Aliruka, alipangua, alitoka nje ya boksi akaondosha kwa kichwa, na kwa ile ya kichwa mie nilifumba macho. Jukwaa likaimba jina lake. Kila wakilitaja ndivyo nilivyozidi kuingiwa na baridi, na jua lile.

Mapumziko nikasema basi, liwalo na liwe. Nikainuka nikaenda mpaka kwa Badr. Alikuwa amesimama peke yake karibu na friji ya maji, chupa mkononi, hajaifungua. Tukatazamana. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Una neno, Ami Shihab?"

Nilikuwa nalo mdomoni. "Salama," nikasema. "Na wewe?"

"Salama," akasema Badr.

Nikarudi nikakaa.

Dakika ya sabini, kona kutoka kushoto. Mpira ukababatizwa, ukamwangukia mshambuliaji wao hatua tatu kutoka golini, akaupiga kwa nguvu zake zote. Maan aliruka kuuzuia, akachelewa. Ulimpiga Anselmo usoni, nikausikia mlio wake kutoka kwenye benchi. Akaanguka.

Halafu akasimama, kabla hata sijafika mstarini. Akanyosha mkono juu kumwonesha refa kwamba yu mzima. Watu wakapiga makofi. Akajipangusa uso, akakunja magoti kidogo, akatanua mikono, akawa tayari kwa kona nyengine. Alikuwa ameuelekea wavu. Mgongo wake ulikuwa uwanjani.

Makofi yakakatika. Refa alikuwa na firimbi mdomoni na hakuipuliza. Hakuna mtu aliyecheka, hata wale wapinzani. Nikakimbia na magoti yangu haya mabovu, nikamshika mabega, naye bado mikono ameitanua.

"Mpira uko wapi?" akaniuliza.

Alipasuliwa mara mbili ndani ya siku kumi. Wijdan alisimama naye zote mbili, ingawa haikuwa hospitali yake. Baada ya ile ya pili akatoka, akanambia, Mjomba, ataweza kujua dirisha liko wapi, zaidi ya hapo asitumaini. Sikulia pale. Nlilia kwenye lifti, na mwanamke nisiyemjua akanipa karatasi ya kujifutia.

Siku orodha ilipotoka nlikuwa nimekaa naye hospitali. Simu ikalia, nikampa mkononi. Akazungumza Kihispania, sauti nyepesi, akacheka hata mara moja. Alipomaliza nikamuuliza wamesemaje.

"Wameniita," akasema. "Nimewaambia nimevunjika kidole."

Alasiri ile ile wakaja Badr, Taimur na Maan, na halwa na chupa ya kahawa, kama watu wanavyokwenda kumtazama mgonjwa. Wakasalimu, wakakaa. Mara Badr akaanza kulia, mtu mzima na kilemba chake, akasema hawezi kuivumilia tena. Alijua. Tangu mwanzo wa msimu aliona Anselmo mipira ya kushoto anaisikia kabla ya kuiona, akasema moyoni mwake, namstiri mpaka msimu uishe, ndio maana akaziondoa zile krosi. Taimur akainamisha kichwa, akasema ile taa ya ubao wa herufi haikuwa mbovu. Aliogopa kumwaibisha mtu mkubwa mbele ya vijana. Maan akasema yeye alijua, na mabeki wenzake wote walijua, walikubaliana mmoja asimame karibu naye daima na asiambiwe mtu.

Kila mmoja alidhani anajua peke yake, au yeye na wenziwe wawili watatu. Klabu nzima ilikuwa ikimfunika mtu mmoja, kila mtu na shuka lake. Na mie, mwenye ulimi, nikasema nami nlijua, nlimsikia daktari kwa masikio yangu haya.

Anselmo alikuwa akisikiliza, uso wake, na ile bendeji, ukigeukia kila sauti inapotokea. Nilidhani atapiga kelele. Laiti angepiga.

"Nyote mlijua," akasema.

"Sote," akajibu Badr.

"Mie nilimwomba mmoja tu anyamaze. Nyinyi wengine sikukuombeni." Akaigusa bendeji. "Na huyo mmoja nilimwomba siku ile, kwa sababu siku ile nilikuwa na uchu. Baadaye ukanitoka. Kila nikija mazoezini nasema leo atakuja mtu, atanambia, Anselmo, nimeona, toka golini. Ningemtukana. Ningelia. Lakini ningetoka. Mwenyewe kutoka siwezi, nimesimama pale tangu mtoto."

Taimur akamimina kahawa, akakiweka kikombe kwenye mkono wake, akamkunjia vidole juu yake kimoja kimoja. Anselmo hakunywa.

"Wewe, Ami Shihab," akasema, "wewe nilikukalia stoo kila siku mpaka unafunga mlango. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikamwambia anisamehe. Ndilo neno la kwanza la wazi nililomwambia kwa mwezi mzima, na halikumfaa kitu.